Unga wa bakteria hauoshi mafigo



Tangia miezi fulani sasa, siku ya mushahara, ku milango ya kampuni kunakuwa watu wenye mikoba midogo. Hawauzishi mikate wala unite za telefone. Wanauzisha unga mu vipakiti, na vidonge mu kopo zenye picha ya tumbo na picha ya figo mbili. Wanaviita «probiotiki». Wanasema: hizi ni bakteria nzuri, zinaingia mu matumbo, zinakula uchafu, na mafigo yanapumzika. Wengine wanaongeza kama mutu akikunywa ule unga miezi mitatu, hatasikia tena neno dializi. Mutumikaji anasikia vile, anakumbuka mugongo unaomuuma, anakumbuka papa yake aliyekufa na miguu ya kuvimba, anatoa franga.

Hatumuchekelee mutu anayetafuta afya. Na ile habari ya bakteria haiko uongo mutupu. Njo shida yenyewe: iko na kweli ndani, na ile kweli njo inafanya uongo uuzike. Tuanze basi na kweli.

Mafigo iko mbili, kila moja sawa ngumi ya mutu, nyuma, chini ya mbavu. Kwa siku moja yanachuja karibu litri 180 za maji ya damu. Karibu yote yanarudishwa mu mwili, na litri moja ao mbili inatoka mu mukojo pamoja na uchafu. Wale wanaotumika ku usine ya kuosha mawe wataelewa mbio: jiwe la maana linabakia, matope inaenda mu bwawa. Mafigo yanafanya ile kazi usiku na mchana, bila zamu, bila arete ya kutengeneza mashini, na piesi ya kubadilisha ni vigumu kuipata.

Sasa matumbo. Ndani yetu kunaishi bakteria nyingi sana, na mutu mwenye afya anapatana nazo. Zinasaidia kumeng'enya vyakula, zinasaidia mwili kujikinga. Lakini mafigo yakianza kuchoka, urea inapanda mu damu, na sehemu yake inaingia mu matumbo. Kule, bakteria zinazopenda urea zinazidi, zinaigeuza kuwa amoniaki. Amoniaki inachoma ukuta wa matumbo. Ule ukuta ni sawa lupango: ukipata matundu, vitu visivyopaswa kupita vinapita, vinafika mu damu, na mwili unakaa mu vita kila siku. Moyo nao unachoka.

Kuna na upande mwingine. Mabaki ya nyama, ya samaki, ya maharagi, yakifika chini mu matumbo, bakteria zinayakata na kutoa vitu viwili, indoli na kresoli. Ini linavigeuza kuwa sumu ambazo wanganga wanaita indoksili sulfati na parakresili sulfati. Figo nzima inazitoa mu mukojo. Figo ya kugonjwa inaziacha mu damu. Tena zinashikamana na albumini, ni kusema protini ya damu, hata mashini ya dializi inazitoa kidogo tu. Kwa kifupi, figo ya kugonjwa inaharibisha matumbo, na matumbo ya kuharibika yanaongezea figo muzigo.

Kwa hiyo wazo la kubadilisha bakteria ni wazo la akili. Wala haliko la jana. Elie Metchnikoff, mutu wa Institut Pasteur kule Paris, aliyepata Nobel mu 1908, alikuwa anafundisha tayari kama bakteria za maziwa ya kuganda zinaweza kurefusha maisha. Mu 2001, FAO na OMS walikubaliana nini inaitwa probiotiki: viumbe vidogo vyenye uzima ambavyo, vikitolewa kwa kipimo cha kutosha, vinaletea mwenye kuvipokea faida ya afya. Mutusomee vizuri maneno hayo: vyenye uzima, kipimo cha kutosha, faida. Unga uliokaa juani ku mulango wa kampuni mwezi muzima, nani anajua kama kungali kitu kinaishi ndani yake?

Je, wanganga wamejaribu? Wamejaribu. Kule Australia, mu kazi iliyotoka mu 2016, walichukua wagonjwa 37 wa mafigo ambao hawajafika ku dializi, wakawapa mchanganyiko wa bakteria na chakula cha bakteria kwa majuma sita, kisha majuma mengine sita unga wa bure, wa kulinganisha tu. Ile parakresili sulfati ilishuka. Ile indoksili sulfati haikushuka kwa namna ya kusadikisha. Mu 2023, watu wa Cochrane, wenye kazi ya kukusanya majaribio ya dunia yote na kuyapima bila kumupendeza muuzishaji, walikusanya majaribio 45, yenye watu zaidi ya 2.000. Majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mufupi. Hawakupata ushuhuda wa nguvu kwamba probiotiki zinazuia mutu kufika ku dializi, wala zinamurefushia maisha.

Sisi wa sindika tunajua vizuri mambo ya namna hii. Kampuni ikituonyesha karatasi kwamba vumbi imepunguka siku ile inspekta alipita, tunasema aksanti, kisha tunauliza mapafu ya watu iko namna gani. Sumu moja kushuka ku karatasi ya labo ni habari nzuri. Mutu kuendelea kukojoa vizuri miaka kumi ni habari ingine. Kutoka ile ya kwanza kufika ku ile ya pili kungali safari, na muuzishaji wa mukoba anaikata kwa sentensi moja.

Kisha kuna hatari. Kwanza, hatujui nini iko ndani ya kopo. Kule Bruxelles, ku mwanzo wa miaka ya 1990, kulikuwa wanawake waliokuwa wanafuata dawa ya kupunguza unene mu kliniki. Mu vidonge mulikuwa majani ya Kichina, na jani moja lilichanganyishwa na lingine lenye sumu, aristolokia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika mafigo. Wengi walienda ku dializi ao kupandikizwa figo, na wengine walipata kansa ya njia ya mukojo. Walikuwa Ubelgiji, na munganga mbele yao. Sasa wewe, ku parking ya bisi?

Pili, unga mwingine uko na potasiamu ao fosfori, na figo ya kugonjwa haiwezi kuvitoa. Potasiamu ikipanda sana, moyo unaweza kusimama. Tatu, bakteria zenye uzima, hata zile nzuri, mara chache zinaingia mu damu ya mutu mwenye kinga ya chini ao mwenye mupira wa dializi mu shingo, na zinamuletea ugonjwa mukali. Inatokea mara chache, lakini ile mara chache inaua.

Lakini hatari kubwa kupita zote ni saa zinazopotea. Hapa njo nataka tukae kidogo.

Ugonjwa wa mafigo unakuja kimya. Mutu anaweza kupoteza nusu ya nguvu ya mafigo yake na angali anashuka mu shimo kila asubuhi, anabeba, anapiga mashini, anarudi anakula bukari. Saa miguu inavimba, saa ngozi inawasha, saa chakula kinakuwa na ladha ya chuma mu kinywa, mara nyingi kazi imekwisha kuharibika. Na sisi wa mine tuko na sababu nyingi za kuharibisha mafigo mbele ya wengine.

Joto na kiu. Mutu anatoka jasho saa nane, chupa yake ya maji ni ya litri moja, na shefu anahesabu mara ngapi ameenda kukojoa. Mwili unakauka, damu inapunguka mu mafigo. Juu ya ile kiu, anameza diklofenaki ao ibuprofeni, sababu mugongo unamuuma na kesho kuko kazi. Zile dawa za maumivu, mu mwili wa kukauka, zinafinya mishipa inayoleta damu ku figo. Mutu anazimeza kila siku, miaka na miaka. Anaziuziwa moja-moja pembeni ya barabara, sawa bonbon. Nimejua watumikaji wanaozibeba mu kofia ya kazi.

Kisha tansio, kisha ugonjwa wa sukari. Hizi mbili njo zinapeleka watu wengi zaidi ku dializi mu dunia, na mutu anaweza kuwa nazo miaka bila kujua.

Kisha madini yenyewe. Mu 2009, wasomi wa Université de Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji, walitoa kazi waliyofanya huku kwetu Katanga: walipima mukojo wa watu 351. Wale wanaokaa karibu na mine na usine walikuwa na kobalti, kadmiamu, risasi na uraniamu mingi kupita wale wanaokaa mbali. Kobalti njo ilisikika mu maredio. Lakini kwa mafigo, tuangalie kadmiamu, risasi na uraniamu: vile vinajulikana tangia zamani kama vinaharibisha vijifereji vya figo. Kule ku dhahabu, kwa wandugu wa Kivu na Ituri wanaochoma merkiri mu sufuria, ni vilevile. Hakuna bakteria ya kopo inayoweza kuzuia ile.

Ndugu mumoja, nitaacha jina lake, alikuwa ku foraji kwa kampuni ya sutretansi. Alisikia kuchoka, mukojo ulikuwa na povu sawa Omo. Jirani alimuletea unga. Alikunywa miezi minne, na kweli choo kilikuwa kizuri kuliko mbele, kwa hiyo alisema dawa inatumika. Mu ile miezi minne hakuna mutu aliyemupima damu wala mukojo. Kontra yake ikaisha, haikurudishwa. Juma tatu nyuma ya pale, njo miguu ilivimba. Alipofika lopitali, waliandika dializi mara tatu kwa juma, saa ine kila mara. Nani analipa? Si kampuni tena. Jamaa iliuzisha parcelle.

Muone mahali jambo linafungwa. Kode ya kazi ya 2002 inasema mwenye kazi anapaswa kutunza mutumikaji na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Ile haki inafuata kontra. Kontra ikifa, haki inakufa nayo. Ugonjwa wa mafigo wenyewe unangoja: unakuja polepole miaka kumi, miaka kumi na tano, na unajionyesha vizuri saa mutu amechoka, amefukuzwa ao amepata pansio. Kampuni inakula miaka ya nguvu, jamaa inabakia na bili ya mashini. Kila mwezi ambao mutu anangoja unga ufanye kazi, ni mwezi wa kontra unaopita bila ugonjwa wake kuandikwa fasi yoyote. Mukoba ule haukuwekwa pale na kampuni, sisemi vile. Lakini kampuni haichukizwe nao.

Ugonjwa ulioandikwa mu karatasi ya munganga wakati kontra ingali na uzima, ni jambo ingine kabisa. Dawa za tansio zinaanza, na zile za kisasa za kukinga mafigo zinaweza kuchelewesha dializi miaka mingi. Hizo ziko na ushuhuda, unga hauna. Diklofenaki inakatwa. Mutu anabadilishiwa posti, anatoka ku joto. Na kama sababu inatoka ku kazi, dosie inafunguliwa ku CNSS.

Kwa hiyo nasema kwa madelege wenzangu: mu vizite medikali ya mwaka, mara nyingi wanapima uzito, macho, wanapiga radio ya kifua, wanapiga kashe. Tuombe vitu vitatu vya kuongeza, na tuviombe kwa maandiko mu ile Komite ya usalama na usafi ambayo Kode inaomba iwe mu kila entreprise. Tansio, ipimwe kweli, mutu akiwa ameikaa dakika tano, si mbiombio mu mustari. Kikaratasi cha kuchovya mu mukojo, cha kuonyesha protini na damu: ni kitu cha bei ndogo, jibu linatoka dakika mbili. Na kreatinini ya damu, pamoja na hesabu inayotoka ndani yake, ile wanaita DFG. Ikiwa chini ya 60 kwa miezi kupita tatu, ni ugonjwa. Ikiwa chini ya 15, dializi iko mulangoni.

Tuombe vilevile maji ya kunywa ya kutosha fasi ya kazi, na mutu asihesabiwe makosa juu ya kukunywa wala juu ya kukojoa.

Nasikia tayari wengine: «Papa delege, wakinikuta mugonjwa watanifukuza.» Ile woga iko na sababu, tusiidharau. Njo maana inaomba jibu la labo lipewe mutumikaji mwenyewe mu mukono, na lisipite ku biro ya wakubwa. Siri ya munganga ni sheria, si zawadi. Na mutu anayepata jibu mbaya, mbele ya kulia peke yake aje kuona delege, tujue namna ya kuandika. Kwa wandugu wanaochimba kwa mukono, wasio na kontra wala vizite, ile karatasi ya mukojo na tansio vinapatikana ku santre de sante. Koperative zinazokata franga ku kila mufuko wa jiwe zinaweza kulipia watu wao mara moja kwa mwaka. Pesa ya kopo mbili tatu za unga, muilinganishe wenyewe na bei ya kreatinini mu labo ya karibu.

Ni kusema tusiangalie matumbo? Hapana. Tuyaangalie, lakini kwa vitu vya jikoni.

Bakteria nzuri zinapenda nyuzi za vyakula: lengalenga, matembele, sombe, maharagi, bukari ya unga wa mahindi ambao haukutolewa maganda yote. Mutu asiye na ugonjwa wa mafigo, ale vile bila woga. Mugonjwa ambaye kufunga choo kunamusumbua, asikae kimya, aseme kwa munganga: mafigo yakichoka, matumbo yanasaidia kutoa sehemu ya potasiamu, na choo kikikaa siku tano, potasiamu inakaa nayo. Ila mugonjwa ambaye ugonjwa umeendelea, majani na maharagi iko na potasiamu mingi. Wanganga wengi wanashauri kukata majani vipande vidogo, kuchemsha mu maji mingi, kumwanga yale maji, kisha kupika. Na munyu upunguzwe, samaki ya munyu na kube za suisi nazo. Mpishi wa nyumba, akiwa mama ao papa, inafaa aende pamoja na mugonjwa ku konsultasio, sababu ni yeye anayeshika sufuria.

Antibiotiki nazo, zile watu wanazimeza kwa kila tumbo la kuuma, zinaua bakteria nzuri pamoja na mbaya. Kumeza kapsile za rangi mbili siku mbili, kisha kununua unga wa kurudisha bakteria, ni kulipa mara mbili kwa shimo moja.

Kisha swali ninaloulizwa kila fasi: na munkoyo? Munkoyo wetu uko na bakteria zenye uzima, kweli. Mu 2013 wasomi walioupima kule Zambia walikuta ndani yake bakteria za kuchachusha, ndugu za zile za maziwa ya kuganda. Ni kinywaji kizuri, bibi zetu hawakungoja kopo lenye picha. Lakini hakuna aliyeonyesha kwamba unaponya mafigo, na maji yake inaomba yawe safi: munkoyo wa maji ya mutoni unaopita chini ya bwawa la usine ni kadmiamu yenye sukari. Mutu aliye ku dializi, ambaye munganga amemupimia maji ya siku, ahesabu kikombe cha munkoyo ndani ya ile kipimo, sawa vile anahesabu chai na supu. Maziwa ya kuganda vilevile, kidogo, sababu iko na fosfori. Lutuku, hata wakiuita dawa ya figo, haumo mu hii hesabu.

Na kama kopo la ule unga liko tayari mu nyumba, usilitupe. Ulipeleke ku lopitali pamoja na mugonjwa, na zile diklofenaki zote anazomeza, na majani kama anakunywa majani, uvipange juu ya meza ya munganga. Asome karatasi iliyobandikwa, aone nini iko ndani, aandike mu fishi. Kisha umuombe kreatinini.